Maji ya hewani: tupige hesabu kwanza

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo siku hizi linazungumzwa sana, nalo ni mashine za kutengeneza maji kutoka hewani. Hasa nataka kuzungumzia madai kwamba mashine hizo ndizo zitakazowaokoa wenye viwanda vya juisi, soda na maji ya chupa, ambao wanahangaika kwa sababu visima vimeingia chumvi au bomba halitoi maji kila siku.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Kazi hiyo nimeifanya hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu. Nalitaja hili si kwa kujisifu, bali kwa sababu mashine ninayotaka kuizungumza ni ndugu wa damu wa kiyoyozi.

Miezi michache iliyopita alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu. Yeye ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza juisi ya ukwaju, rozela na tangawizi, wakaijaza katika chupa na kuiuza madukani. Kisima walichokuwa wakikitegemea kimeanza kutoa maji ya chumvi, kama visima vingi vya huku pwani, na juisi ikabadilika ladha. Baada ya shikamoo na marahaba alinitolea karatasi yenye picha ya mashine inayong'aa, iliyoandikwa kwamba inatoa lita 1,000 za maji safi kwa siku bila kisima wala bomba. Muuzaji alikuwa amewaambia kwamba mkopo unaweza kupatikana, na kilichobaki ni wanachama kutia sahihi.

“Fundi,” akaniuliza, “wewe umeshughulika na mashine za baridi maisha yako yote. Hii ni kweli, au tunadanganywa?”

Nilimjibu kuwa ni kweli, na kwamba hapo ndipo ilipo hatari. Kitu cha uongo mtu hukishtukia mapema, lakini kitu cha kweli kisichokufaa kinaweza kukufilisi huku ukikisifu. Tuliketi tukapiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuileta mbele ya wasomaji, maana naamini vikundi vilivyoletewa karatasi kama hiyo ni vingi.

Kwanza tuelewe mashine yenyewe. Hewa yote ina mvuke wa maji ndani yake. Hapa pwani, mita moja ya ujazo ya hewa ina kama gramu 20 za maji. Chumba cha kulala cha mita 4 kwa 4, chenye urefu wa mita 3 kwenda juu, kina karibu lita moja ya maji ambayo huyaoni. Ukiipitisha hewa hiyo kwenye mabomba yaliyopozwa, mvuke hugeuka matone, kama unavyoona jasho kwenye chupa ya soda iliyotoka barafuni. Kiyoyozi kinachodondosha maji ukutani kinafanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kiyoyozi kinatafuta baridi na kuyamwaga maji, na mashine hii inatafuta maji na kuitupa baridi.

Lakini mashine haiwezi kuyachukua maji yote yaliyomo. Ukiipoza hewa mpaka nyuzi 10, gramu 9 au 10 hubaki humo humo. Kwa hiyo kila mita ya ujazo inakupa gramu 10 hivi, na ili upate lita moja ni lazima uvute na kupoza mita za ujazo 100. Kwa lita 1,000 ni mita za ujazo 100,000, yaani hewa ya vyumba kama kile zaidi ya 2,000, kila siku inayopambazuka. Hewa yenyewe ni bure, lakini kuipoza siyo bure.

Sasa tuje kwenye umeme. Mvuke unapogeuka kuwa maji hutoa joto, na joto hilo sharti liondolewe. Kwa lita moja ni karibu uniti 0.7 za joto, na hii ni kanuni ya maumbile ambayo hakuna kiwanda cha Ulaya wala cha China kinachoweza kuikwepa. Juu yake kuna joto la hewa yenyewe ambayo nayo imepozwa. Kompresa nzuri huondoa joto mara 3 hivi ya umeme inaokula. Ukijumlisha na umeme wa feni, unakuta kwamba katika hewa yetu ya pwani, iliyo nzuri sana kwa kazi hii, lita moja ya maji inakula karibu nusu uniti ya umeme.

Nusu uniti inaonekana ni kitu kidogo. Akina mama hawa wanatengeneza lita 500 za juisi kwa siku. Pamoja na maji ya kuosha matunda, chupa, masufuria na sakafu, wanahitaji kama lita 1,000. Hizo ni uniti 500 kila siku. Tukisema kwa mfano kwamba uniti moja ni Sh. 300, ni Sh. 150,000 kwa siku kwa ajili ya maji peke yake, kabla hawajanunua ukwaju, sukari, chupa wala kulipa rejesho la mkopo. Mama yule aliitazama karatasi ya hesabu, akaniambia kwamba kuna siku ambazo faida yao yote haifiki hapo.

Tulinganishe na njia nyingine. Mitambo ya kisasa ya kuchuja maji ya bahari, ambayo watu wote husema ni ghali, hutumia uniti 3 hadi 4 kwa lita 1,000. Mashine ya hewa hutumia 500. Maji ya kisima kilichoingia chumvi kidogo hayana chumvi nyingi kama bahari, kwa hiyo kuyachuja hutaka umeme mdogo zaidi. Mtu aliye pwani akaacha kuchuja maji ya kisima chake akaenda kukamua hewa, ni sawa na mtu aliyeacha kuchota mtoni akaenda kukamua nguo za watu waliooga.

Jambo jingine ambalo karatasi ile ililiandika kwa herufi ndogo sana chini ni kwamba lita 1,000 hupatikana hewa ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Siyo kila mahali na kila saa kuna hali hiyo. Mchana wa kiangazi, sehemu za bara kama Dodoma na Singida, hewa huwa kavu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 30 ina gramu 9 tu za maji kwa mita ya ujazo. Ukiipoza mpaka nyuzi 10 unaambulia karibu patupu, na mita ya umeme inaendelea kuhesabu kama kawaida. Kwa maneno mengine, mashine hii inafanya kazi vizuri zaidi mahali penye mvua na mito, na inashindwa mahali penye shida kubwa ya maji.

Tena, Ndugu Mhariri, tujiulize umeme huo unatoka wapi. Sehemu kubwa ya umeme wetu inatokana na maji, na bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji peke yake lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Wasomaji watakumbuka mwaka 1922 ulikuwa wa babu zetu, lakini mwaka 2022 ulikuwa wetu sote. Oktoba mwaka huo wakazi wa Dar es Salaam walipangiwa mgao wa maji kwa sababu Mto Ruvu ulipungua, na Novemba ukafuata mgao wa umeme kwa sababu mabwawa yalipungua vile vile. Ukame ni mmoja, unapiga pande zote mbili. Kiwanda kilichoacha bomba kikategemea mashine ya hewa kingekosa maji miezi ile ile ambayo jirani yake wa bomba alikosa.

Wapo watakaosema kwamba jua lipo. Ni kweli lipo. Mita moja ya mraba hupata kama uniti 5 za joto la jua siku ikiwa nzuri. Hata bila kupoteza chochote, joto hilo lisingetosha kutoa zaidi ya lita 7, na vifaa vinavyouzwa leo hutoa lita 1 au 2 hivi kwa mita ya mraba. Kwa familia isiyo na maji salama ya kunywa hilo ni jambo la maana sana. Kwa kiwanda kinachotaka lita 10,000 kwa siku ni eneo la mita za mraba 5,000 au zaidi, linalokaribia uwanja wa mpira, la kupata maji ya kutengenezea shehena ya lori moja.

Sitaki nieleweke kwamba naidharau sayansi. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya Kemia walipewa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kuvumbua vitu vyenye matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na baadhi yake vinaweza kunasa maji hata katika hewa ya jangwani. Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, na utotoni kwao maji ya bomba hayakuja kila siku. Mtu kama huyo anajua anachokitafuta, nami namvulia kofia. Vile vile mashine za hewa zina mahali pake: zahanati iliyo kisiwani, kambi ya dharura baada ya mafuriko, mahali ambapo maji ya ardhini yana sumu. Huko thamani ya lita moja haihesabiwi kwa shilingi. Lakini juisi na soda ni biashara, na biashara ina bei. Mnywaji wa juisi ya ukwaju hatalipa zaidi kwa kuambiwa kwamba maji yake yalikuwa hewani jana.

Hata ule usafi unaosifiwa una mipaka yake. Ni kweli maji ya hewani ni laini na hayana chumvi, na hilo ni zuri kwa juisi na kwa boila. Lakini mimi nimefungua viyoyozi maelfu, na ninajua kinachokaa mle ndani: vumbi, moshi wa magari, ukungu na utelezi wa vijidudu. Maji yakipita hapo sharti yachujwe, yauliwe vijidudu, na yakiwa ya kuuza kwa kunywa yarudishiwe madini kidogo. Gharama hizo hazikuandikwa kwenye karatasi ya muuzaji.

Kuna hoja moja nisiyoweza kuipita juu juu. Watu husema afadhali kiwanda kilipe umeme mwingi kuliko kunyonya kisima cha wananchi. Huko India, katika kijiji cha Plachimada, jimbo la Kerala, kiwanda cha Coca-Cola kilichoanza mwaka 2000 kilisimama Machi 2004, baada ya wanakijiji kupinga kwa muda mrefu wakilalamika kwamba visima vyao vimepungua na kuharibika, na baraza lao kukataa kuongeza muda wa leseni. Uchungu wa wanakijiji wale ninauelewa. Lakini tusidanganyane: maji mengi ya soda hayamo kisimani kwa kiwanda, yamo shambani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walikadiria kwamba chupa ya nusu lita ya soda yenye sukari huchukua lita 169 hadi 309 za maji, kutegemea sukari imetoka wapi, na karibu yote ni ya kulimia na kutengenezea vilivyomo. Kiwanda kikijitangaza kwamba kinatumia maji ya hewani, kitakuwa kimeokoa kikombe na kuliacha pipa.

Basi tufanye nini? Nilimwambia mama yule kwamba mashine ya maji ya hewani wanayo tayari, tena hawana deni nayo. Ni bati lililo juu ya vichwa vyao. Mvua nayo ni maji ya hewani. Tofauti ni kwamba kazi ya kuyapoza na kuyashusha imekwisha kufanywa, na hakuna mita ya umeme iliyosoma. Banda lao lina paa la mita za mraba 400. Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, na kila milimita katika mita moja ya mraba ni lita moja. Hizo ni lita 400,000. Tuseme moja ya tano inapotea kwa kuvuja na kwa maji ya kwanza yanayoosha paa. Zinabaki 320,000, ambazo kwa lita 1,000 kwa siku ni mahitaji ya siku 320.

Najua kwamba mvua hainyeshi kila siku, na huwezi kuhifadhi masika yote katika matangi ya kikundi kidogo. Kwa hiyo nilimshauri wafunge mifereji na kununua simtanki kwa awamu, kadiri wanavyouza. Wamekwisha anza. Kila maji yanayokingwa ni maji ambayo hawayanunui kwa boza, na kisima chao kinapata kupumzika. Kisha wapime maji wanayotumia kuoshea chupa. Suuzo la mwisho ni safi, linaweza kuoshea chupa zinazofuata mara ya kwanza, na halafu kuoshea sakafu. Mkopo, kama watauchukua, uwe wa chujio la kuondoa chumvi, ambalo bei yake na umeme wake ni sehemu ndogo tu ya ile mashine.

Lile la viyoyozi nalo lisisahaulike. Maghorofa ya jiji hili yanamwaga maji ya hewani mchana kutwa, na yamekwisha lipiwa umeme kwa kazi nyingine. Katika ofisi moja niliyokuwa nikiitunza, niliweka ndoo ya lita 20 chini ya viyoyozi viwili asubuhi, na jioni ilikuwa imejaa. Siyo maji ya juisi, lakini yanafaa kwa vyoo, kupigia deki na kumwagilia maua. Wenye maghorofa wakiyakinga, watapunguza maji ya bomba wanayoyatumia kwa kazi hizo.

Tena, iko mashine kubwa kuliko zote, ambayo haina kompresa. Mto Ruvu, unaonywesha jiji hili na viwanda vyake, unaanzia milima ya Uluguru. Upepo wenye unyevu kutoka bahari ya Hindi hupanda milima ile, hupoa, hugeuka mawingu na mvua, na ukungu unaogonga miti hudondoka chini tone kwa tone. Kule Chile, ambako pwani ina ukungu mwingi na mvua kidogo, watu hutundika nyavu mlimani ili kuunasa ukungu huo, na huko Peña Blanca wapo wanaotengeneza bia kwa maji hayo. Sisi nyavu zetu ni miti. Tukiikata kwa mkaa na kulima mpaka kwenye chemchemi, tutakuwa tumeing'oa mashine tuliyopewa bure na kwenda kukopa ya kununua.

Kwa hiyo ninashauri mambo matatu. Kwanza, kila muuzaji wa mashine hizi alazimishwe kuandika kwa Kiswahili, na kwa herufi kubwa, ni lita ngapi na uniti ngapi kwa lita, katika hali ya hewa ya mahali inapouzwa na siyo ya kwenye maabara. Shirika la Viwango (TBS) na wanaotoa mikopo kwa vikundi wadai maandishi hayo kabla mtu hajatia sahihi. Pili, viwanda vya vinywaji, vikubwa kwa vidogo, vitangaze vinatumia lita ngapi za maji kwa kila lita ya kinywaji, na mapaa yao makubwa yakinge mvua. Tatu, ada zinazolipwa kwa vibali vya kutumia maji zionekane zikirudi kwenye chemchemi, na wanakijiji wa Uluguru wanaoitunza misitu wawe wa kwanza kufaidika, maana wao ndio waendeshaji wa ile mashine.

Juzi mama yule alinipitishia chupa mbili za ukwaju. Aliniambia wanachama wengine bado wanamlaumu, wanasema fundi mzee amewakatisha tamaa ya maendeleo. Sikukasirika. Nilimwomba awaambie waje wote na ile karatasi na kalamu, tupige hesabu upya mbele yao, na wakiniona nimekosea, nitakuwa wa kwanza kuwasaidia kuifunga mashine hiyo.



Fundi Mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam.